Wakufunzi wa zimamoto makazini wapimwe kwa vitendo

Kuna jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda sasa. Jambo lenyewe ni hili la watu wanaopita viwandani, maofisini na mashuleni wakijiita wakufunzi wa zimamoto na usalama kazini. Swali langu ni moja tu: mtu awe na sifa gani hata akabidhiwe kazi ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuokoa roho zao?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Sina cheo chochote katika mambo ya moto. Lakini kufundisha ndiyo kazi niliyosomea chuoni, na shule nayo ni mahali pa kazi kama palivyo kiwandani: ina walimu, ina mlinzi, ina wapishi. Ninayoyasema yametukuta wenyewe.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ni jambo jema sana. Wazazi wa shule yetu waliitikia wito, wakachangishana, tukanunua jiko kubwa la gesi na mitungi yake, tukaachana na mafiga. Kamati ya shule ikasema, na ilisema kweli, kwamba gesi si kuni, hivyo aletwe mtaalamu atufundishe. Akaletwa bwana mmoja kutoka mjini, amevaa kizibao chenye mistari inayong'aa na kofia ngumu kichwani, ingawa katika darasa letu hakuna kitu cha kumdondokea mtu isipokuwa kinyesi cha popo.

Alikaa nasi saa tatu. Alitundika shuka ukutani, akawasha kompyuta yake, akatuonyesha picha za maghorofa yakiungua huko ugenini, pamoja na maandishi ya Kiingereza ambayo wapishi wetu wawili na mlinzi hawakuelewa hata mstari mmoja. Mwishoni aliuliza kama tumeelewa. Tukaitikia kwa pamoja "Ndiyo!", kama wanavyoitikia watoto wangu wa darasa la pili wakiwa hawajaelewa kitu. Akagawa vyeti vyenye mihuri, akatuuzia mitungi mitatu ya kuzimia moto, akaandika risiti, akaenda zake.

Siku ya mahafali ya darasa la saba, mwaka huohuo, mafuta ya kukaangia kuku yalishika moto jikoni. Mlinzi wetu, mwenye cheti ukutani kwake, alichukua ndoo ya maji akayamwagia yale mafuta. Yeyote anayejua moto anajua kilichofuata. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama chini ya sufuria, na pale chini yenye joto kali hugeuka mvuke mara moja. Maji yakiwa mvuke hutanuka karibu mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka juu na pembeni. Moto ulifika kwenye paa. Mama mpishi aliungua mkono wa kulia na shingo. Mwalimu mmoja alikimbilia mtungi wa kuzimia moto, akaubonyeza na kuubonyeza pasipo kutoka kitu, kwa sababu pini ilikuwa bado imefungwa na uzi wake wa plastiki. Hakuna aliyetuambia kwamba pini huchomolewa kwanza. Au pengine tuliambiwa, kwa Kiingereza, ukutani.

Moto ulizimwa na mzee mmoja wa kijiji aliyekuja mahafali kama mgeni. Alifunga koki ya gesi, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa ya wali, akaufunika. Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyosimulia.

Nilipomtembelea Mama kwenye kituo cha afya aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, yule bwana alisema maneno mengi, lakini hakutuwashia hata kibiriti." Hivi sasa amepona, ila vidole viwili havikunji vizuri. Yeye ameajiriwa na wazazi kwa makubaliano ya mdomo tu, hana karatasi yoyote ya kazi, kwa hiyo habari ya fidia nayo imebaki kuwa ya mdomo. Hilo nalo linahitaji barua yake.

Ndugu Mhariri, nimesimulia hayo si kwa kumlaumu mtu mmoja. Nilipoanza kuulizauliza niligundua kwamba yule bwana si wa pekee. Mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuo ameacha chaki na sasa anafanya kazi hiyohiyo. Alihudhuria semina ya siku tano mjini, akapata cheti, juma lililofuata akaanza kufundisha wengine. Alinishawishi nami nijiunge. "Wewe una ulimi, mwalimu," alisema, "na hawa watu wanachotaka ni cheti cha kumwonyesha mkaguzi." Naungama kwamba nilifikiri kwa siku kadhaa, maana mshahara wetu mnaujua. Nilichojiuliza ni hiki: ningesimama mbele ya vijana wa karakana ya mbao, ambako vumbi la msumeno hurundikana sakafuni na kwenye nyaya, ningewaambia nini nisichokisoma usiku uliotangulia?

Sasa tuitazame sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya tangu enzi za mkoloni, ya mwaka 1950. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na vifaa vya kuzimia moto na awape wafanyakazi wake maelekezo na mafunzo. Vilevile ipo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ambayo iliwaweka askari wa zimamoto, waliokuwa chini ya halmashauri za miji, katika jeshi moja la taifa. Jeshi hilo hukagua majengo na hutoa elimu. Wakala nao hutoa mafunzo. Kwa hiyo milango ya kuingilia ipo, tena ya Serikali, na mwajiri asiyejua pa kuanzia angeanza hapo.

Lakini mwajiri haanzii hapo. Mwajiri mwingi, hasa wa karakana ndogo, hatafuti mafunzo, anatafuta karatasi. Anajua mkaguzi akija ataomba kuona karatasi, naye ataionyesha, na kila mtu ataondoka ameridhika isipokuwa moto. Palipo na mteja wa karatasi hapakosi muuza karatasi. Hii ndiyo sababu nasema tatizo haliishi kwa kumkamata mkufunzi mmoja wa uongo. Lipo pia katika kile tunachokihesabu kuwa ni ushahidi wa mafunzo.

Kuna mfano wa nje unaopaswa kututisha. Mwezi Septemba 2012, kiwanda cha nguo mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua wafanyakazi zaidi ya 250. Majuma machache tu kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kuonyesha kwamba kinatimiza masharti ya kazi, usalama ukiwamo. Baadaye mahakama iliona kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi. Sawa, lakini milango ya kutokea ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na nondo, na cheti hakikufungua mlango hata mmoja.

Wala tusiende mbali. Mwaka 1994 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, liliungua na wanafunzi zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mwaka 2009 ikawa Sekondari ya Idodi, Iringa, wakafa wasichana 12. Mwaka 2020 ikawa shule ya msingi ya bweni wilayani Kyerwa, Kagera, wakafa watoto wasiopungua 10. Tarehe 10 Agosti 2019, hapa kwetu Morogoro, lori la petroli lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Wale wa Msamvu hawakukosa ujasiri, walikosa kujua kwamba petroli hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo ndio unaodaka cheche, hata kama wewe umesimama mbali na lori lenyewe. Jambo kama hilo lingefundishwa kwa dakika kumi. Lakini lifundishwe na nani?

Hapa nirudi kwenye sifa. Wenzetu wa Uingereza, katika kanuni yao ya mwaka 2005 ya usalama wa moto, walipoeleza ni nani anayefaa kumsaidia mwenye jengo katika mambo ya moto, hawakutaja cheti kimoja kwa jina. Walisema awe na mafunzo ya kutosha, uzoefu au ujuzi, na sifa nyingine zinazomwezesha kuifanya kazi hiyo sawasawa. Kwa wengine maneno hayo yataonekana ni mapana mno. Mimi nayapenda, kwa sababu yanamlazimisha anayeajiri kuuliza maswali badala ya kutazama muhuri.

Kwa maoni yangu mkufunzi wa zimamoto kazini lazima kwanza awe ameujua moto kwa mikono. Si lazima awe askari mstaafu, ingawa askari wa zimamoto ana haki ya kutangulia mstarini. Anaweza kuwa fundi wa umeme au mtu wa usalama kiwandani. Ila awe amewahi kuushika mtungi wa kuzimia moto ukamwishia mkononi, maana mtungi wa kawaida wa unga haufiki hata nusu dakika ukiisha, na mtu asiyejua hilo huufungulia akiwa bado mbali na moto. Awe anajua kwamba maji yanafaa kwa mbao, karatasi na nguo, bali si kwa mafuta wala umeme. Awe anajua kwamba mtungi wa hewa ya ukaa haufai kufunguliwa ovyo katika chumba kidogo chenye watu, kwani huifukuza hewa tunayovuta, na kwamba pembe yake huwa baridi kiasi cha kuunguza vidole. Na huku kwetu, tunakohamia gesi kwa wingi, awe anajua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo unafungua milango, huwashi wala huzimi taa. Yule bwana wetu hakulitaja hilo hata mara moja, naye aliitwa kwa ajili ya gesi!

Pili aijue sheria, na pia mahali anapofundisha. Hapa kwetu kuna mashamba ya mkonge. Nyuzi kavu za mkonge na vumbi lake huwaka upesi mno. Mkufunzi anayekwenda kiwanda cha mkonge na picha zilezile alizoonyesha benki hakufanya kazi aliyolipwa. Alipaswa kufika siku moja kabla, azunguke, atazame milango inafungukia wapi, swichi kuu ya umeme iko wapi, na nani hubaki usiku. Sisi walimu tunaita hiyo kutayarisha somo. Na huduma ya kwanza aijue pia. Msalaba Mwekundu hufundisha, na hakuna moto usioacha majeruhi wa kushughulikiwa kabla ya gari kufika. Wangapi kati yetu tunajua kwamba namba ya zimamoto ni 114? Nilipowauliza walimu wenzangu, mmoja tu aliijua.

Sifa ya tatu ndiyo ninayoisemea kwa uchungu, kwani watu huidharau. Mkufunzi awe amejifunza kufundisha. Nilipokuwa chuoni tulipelekwa mazoezi ya kufundisha mashuleni, na mkufunzi wetu alikaa nyuma ya darasa akiandika. Somo langu la kwanza nilidhani limekwenda vizuri ajabu. Baada ya kipindi aliniuliza: "Mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha amejifunza nini leo?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikumtazama hata mara moja. Mtu anaweza kuujua moto miaka thelathini na bado asiweze kumfundisha mpishi.

Huo si utani. Yule mzee aliyetuokoa siku ya mahafali alitumikia zimamoto mjini ujana wake wote. Baada ya tukio mwenyekiti wa kijiji alimwomba azungumze mkutanoni. Shikamoo yake naitoa kwa moyo wote, lakini mzee alianza na moto wa ghala moja la zamani, akaingia kwenye ugomvi wake na mkubwa wake wa kazi, akarudi kwenye ghala, na watu wakaanza kuondoka kimyakimya kwenda kuangalia mbuzi. Katikati ya maneno hayo alisema jambo moja kubwa, kwamba moshi huua watu kabla moto haujawafikia, na hivyo mtu aliyezingirwa na moshi atambae chini. Waliolisikia hawakuzidi kumi.

Kwa hiyo tunaye mwenye moto asiye na ufundishaji. Tunao sisi walimu wenye ufundishaji tusio na moto. Na katikati wanapita wasio na kimoja wala kingine, wenye kizibao kinachong'aa.

Jambo hili nchi yetu imekwisha kulitatua katika fani nyingine. Fundi wa kuchomelea au seremala anayetaka kuwa mwalimu wa ufundi stadi, hata awe hodari namna gani, kipo chuo chake pale Morogoro cha kufundishia walimu wa ufundi. Anakwenda na ufundi wake, anafundishwa kuandaa somo, kupima na kusahihisha. Kwa nini fundi wa bomba ahitaji ualimu, na anayefundisha kuokoa roho asihitaji? Napendekeza Wakala, Jeshi la Zimamoto na wenzao wa ufundi stadi wakae pamoja, ili yeyote anayetaka kufundisha zimamoto kazini apite mikononi mwao wote: apimwe moto, apimwe sheria, na apimwe kwa kusimama mbele ya wafanyakazi wa kweli huku mtahini amekaa nyuma akiandika. Majina ya waliofaulu yabandikwe kila ofisi ya wilaya, ili hata kamati ya shule ya kijijini iyaone.

Najua kuna watakaosema kwamba mwalimu huyu anataka kuwabana watu riziki yao. Wengine watasema masharti yakizidi gharama zitapanda, na mwenye karakana ya vijana watatu hatamudu, ataacha kabisa. Hoja hii ya pili ina uzito, na siipuuzi. Lakini karakana ya vijana watatu haihitaji maghorofa ya ugenini ukutani. Inahitaji mtu mmoja anayejua, saa moja, sinia ya mafuta yanayowaka uwanjani, na kila kijana avute pini mwenyewe. Gharama kubwa tuliyolipa sisi ilikuwa ya karatasi, mihuri na kompyuta.

Wakati tunawasubiri wakubwa wakae, mwajiri anaweza kujisaidia. Kabla ya kumlipa mkufunzi amuulize amejifunzia wapi moto, na apige simu Zimamoto au kwa Wakala kuuliza kama wanamfahamu. Amuulize atafundisha kwa lugha gani. Amuulize kama atawasha moto, na kama kila mfanyakazi, mpishi na mfagizi wakiwamo, atashika mtungi kwa mkono wake. Amuulize atajuaje kwamba wameelewa. Akijibu kwamba atawauliza kama wameelewa, amwage kwaheri palepale.

Kamati yetu ya shule imekaa tena mwezi uliopita. Safari hii hatukuita mtu wa mjini. Mzee amekubali kuja Jumamosi, na tumepatana hivi: mimi nitaandika andalio la somo, ukurasa mmoja, na nitakaa naye usiku wa kuamkia siku hiyo ili asilete habari za ghala. Yeye atawasha moto. Mtungi mmoja umebaki haujatumika, tutautumia huo. Mama mpishi ameomba awe wa kwanza kuchomoa pini, kwa mkono wa kushoto.

Ndimi,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.